Chai za mitishamba: namna ya kuzitengeneza faida isiishie jikoni

Kikombe cha chai ya majani ya mitishamba kisicho na sukari kina kilokalori 2 hivi, potasiamu kama miligramu 20, protini na mafuta karibu na sifuri. Ndizi moja ya wastani ina potasiamu zaidi ya miligramu 400. Anayekunywa mchaichai akitarajia ujaze pengo la mboga, maharage na matunda atangoja sana.

Faida ipo, ila imekaa kwingine. Kwanza ni maji unayopata bila kujilazimisha. Pili ni sukari na soda ulizoziacha kwa sababu ya kikombe hicho. Tatu, chai hizi hazina kafeini, kwa hiyo anayekosa usingizi anaweza kunywa saa 2 usiku bila wasiwasi. Nne ni vitu vya mmea wenyewe: rangi nyekundu ya rosela, uchachu wake, ukali wa tangawizi, mafuta ya harufu ya mchaichai. Hivi vya nne ndivyo vinavyotegemea mkono wa anayetengeneza. Ukikosea, vinaruka na mvuke au vinabaki kwenye machicha unayoyamwaga.

Kanuni ya kushika ni hii: angalia unatengeneza sehemu gani ya mmea. Majani laini na maua hayachemshwi, humwagiwa maji ya moto na kufunikwa. Mizizi, magome na mbegu ngumu huchemshwa kwa moto mdogo. Unga wa majani hukorogwa na kunywewa pamoja na mashapo yake. Wengi hutupia vyote kwenye sufuria moja na kuviacha vitokote nusu saa, halafu wanashangaa chai ina ukakasi na harufu imetoweka.

Vyombo na vipimo

Tumia sufuria ya stili, ya enameli au buli la udongo au kioo. Sufuria nyepesi za alumini, ambazo ndizo zimejaa majikoni kwetu, zinafaa kuchemshia maji matupu, lakini usipikie humo rosela, limau, ukwaju wala kitu chochote kichachu. Asidi hula alumini, kiasi fulani kinaingia kwenye kinywaji, na ladha inakuwa na uchungu wa chuma. Utajua imetokea ukiona ndani ya sufuria pamekuwa peupe na kung'aa pale chai ilipokaa.

Kipimo cha kuanzia kwa majani makavu ni kijiko 1 cha chai kilichojaa kwa kikombe cha mililita 250, yaani gramu 1 hadi 2. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo weka mara tatu ya hapo. Kuongeza majani ni bora kuliko kuongeza muda: ukitaka chai nzito zaidi weka kijiko cha pili, usiiache ilowe dakika 40. Dakika za ziada huvuta tanini, na tanini ndiyo inayoukausha ulimi.

Majani ya harufu: mchaichai, mnanaa, kivumbasi, mrehani

Mchaichai una mafuta yanayoitwa sitrali, ndiyo yanayoupa harufu ya limau. Mafuta hayo ni mepesi, yanaondoka na mvuke. Jiko likinukia vizuri mpaka jirani anauliza mnapika nini, ujue kinachonukia nje hakimo kikombeni.

Kwa nusu lita ya maji chukua mabua 2 mabichi pamoja na majani yake, au kiganja kimoja cha majani makavu. Osha vizuri, maana vumbi hukaa kwenye mikunjo karibu na shina. Sehemu nyeupe ya chini ndiyo yenye nguvu: iponde kidogo kwa mchi au mgongo wa kisu mpaka ipasuke. Majani yakate vipande vya sentimita 5, kwa mkasi ikiwezekana, kwa sababu kingo zake hukata vidole. Chemsha maji, zima moto, tia mchaichai, funika kwa mfuniko unaokaa sawasawa. Ngoja dakika 10. Ukifunua utaona matone yamejikusanya chini ya mfuniko; yakung'utie ndani ya sufuria, hayo yana mafuta ya harufu. Chuja kwa chujio lenye matundu madogo au kitambaa safi, kwa kuwa vinyweleo vya jani hukwaruza koo.

Mnanaa, kivumbasi na mrehani hufuata njia ileile, ila dakika 5 hadi 7 zinatosha. Mnanaa hulegeza msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo. Mtu aliyejaa gesi anaweza kupata nafuu, lakini mwenye kiungulia anaweza kuzidishiwa, hasa akinywa kisha akalala. Huyo ashike mchaichai au tangawizi nyepesi.

Rosela

Rosela, wengine huiita choya, na wenyeji wa Sudan na Misri wanaijua kwa jina la karkade, ndiyo chai ya mitishamba yenye ushahidi mzuri kuliko nyingi zinazouzwa. Kinachokaushwa si petali za ua. Ni vile vikonyo vinene vyekundu vinavyolizunguka tunda baada ya ua kunyauka. Wekundu wake unatokana na kemikali ziitwazo anthosiani, na uchachu ni wa asidi za matunda, ikiwemo asidi ya sitriki na ya maliki.

Mwaka 2010 jarida la Journal of Nutrition lilichapisha jaribio lililofanywa Marekani kwa watu wazima 65 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa juu kidogo na hawakuwa wanatumia dawa. Waliokunywa vikombe 3 vya mililita 240 kila siku kwa wiki 6 walishuka kwa wastani wa pointi 7.2 kwenye namba ya juu ya kipimo. Waliokunywa kinywaji cha kufanana kisicho na rosela walishuka 1.3. Mambo mawili ya kuzingatia hapo. Kikombe kimoja cha Jumapili hakifanyi kitu. Ni kila siku, wiki kadhaa. Na hao hawakuwa kwenye vidonge vya presha. Ukiwa unameza vidonge, kuongeza vikombe vitatu vya rosela kunaweza kukushusha kupita kiasi, ukawa unapata kizunguzungu ukisimama. Mwambie daktari, pima presha nyumbani, na usiache dawa kwa sababu umepata chai.

Kwa lita 1 tumia vijiko 2 vya chakula vilivyojaa vya rosela kavu, kama gramu 10. Suuza haraka kwa maji baridi, sekunde chache tu, ili mchanga uondoke na rangi isiondoke. Mwagia maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 10, chuja. Ukiichemsha dakika 20 au 30 kama wengi wafanyavyo, wekundu unageuka kahawia na uchachu unakuwa mkali kiasi kwamba lazima uumwagie sukari. Hapo ndipo faida inapoanza kuliwa.

Njia nyingine, ambayo kwa siku za joto ndiyo tunayoipendekeza zaidi, ni kuiloweka kwenye maji baridi usiku kucha ndani ya friji, kwa muda wa saa 8 hivi. Inatoka laini, ukakasi mdogo, na watu huweza kuinywa bila sukari kabisa. Sharti moja: maji yawe yamechemshwa na kupozwa, au ni ya chupa. Katika njia hii hakuna moto wa kuua vijidudu.

Rangi ya rosela ni kipimo kizuri. Ikitoka zambarau iliyofifia au inayoelekea samawati, maji yako yana magadi au chumvichumvi nyingi, jambo la kawaida kwa visima vingi. Kamulia matone ya limau, wekundu utarudi. Ikitoka kahawia na limau halisaidii, basi rosela ni ya zamani, au ilikaushwa vibaya, au imeungua kwa kuchemshwa mno. Maziwa usiyaguse hapa, yatakatika papo hapo.

Ukinunua sokoni, chagua vikonyo vizima, vyekundu vya giza, vinavyokunjika kidogo kabla ya kuvunjika. Unga mwingi chini ya mfuko, harufu ya ukungu au madoa meupe ya manyoya ni sababu ya kuuacha hapohapo. Kuosha hakuondoi sumu ya ukungu.

Mjamzito aiache rosela. Usalama wake kwa mimba haujathibitishwa.

Tangawizi na viungo vigumu

Mzizi hauachii vitu vyake kwa kumwagiwa maji tu. Kwa lita 1 chukua tangawizi mbichi ya gramu 20 hivi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Si lazima umenye kama ni changa. Sugua kwa brashi mpaka udongo utoke. Iponde kwenye kinu au ikwangue, usiikate mapande manene. Iweke kwenye maji baridi, washa moto, ikianza kuchemka punguza na uiache itokote taratibu dakika 10 huku imefunikwa.

Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na jinjeroli. Ikikaushwa au kupikwa sana, sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana unga wa tangawizi huwasha koo kwa kiasi kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha unga kwa lita kinatosha.

Tangawizi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Ukitia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu, yanaganda au kukatika, na watu humlaumu muuza maziwa. Dawa yake ni mpangilio: tangawizi na maji kwanza, vichemke dakika 5 na zaidi ili kimeng'enya kife, ndipo maziwa yaingie. Yakikatika hata hivyo, hapo lawama ni ya maziwa kweli.

Kichefuchefu cha mimba ndicho ambacho tangawizi imejaribiwa sana, na majaribio mengi yalitumia kama gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku. Katika kipimo tulichotoa, gramu 20 mbichi ni takribani gramu 4 kavu kwa lita, kwa hiyo kikombe kimoja cha mililita 250 kinakaribia hiyo gramu 1. Mjamzito akigawanya kikombe hicho mara mbili kwa siku atakuwa ndani ya kiwango. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asifanye tangawizi nzito kuwa kinywaji cha kila siku bila kumuuliza daktari wake.

Mdalasini, karafuu na iliki tupite haraka, maana virutubisho vyake kikombeni ni kidogo sana na kazi yake kubwa ni kukusaidia kupunguza sukari. Kwa lita 1: kijiti 1 cha mdalasini cha urefu wa kidole, karafuu 3, iliki 4 zilizopasuliwa. Chemsha pamoja na tangawizi. Karafuu zikizidi hapo ulimi hufa ganzi, hiyo ni kazi ya eujenoli. Kuhusu mdalasini, kuna mwembamba wenye tabaka nyingi kama karatasi zilizoviringishwa, unaovunjika kwa vidole, na kuna mnene mgumu wenye tabaka moja uitwao kasia. Kasia ina kumarini nyingi zaidi, kitu kinachoweza kudhuru ini kikizidi. Kijiti kimoja kwenye lita si tatizo. Tatizo ni wale wanaomeza vijiko vya unga wake kila asubuhi kwa ajili ya kisukari.

Mlonge: usinywe maji ukamwaga chakula

Hapa ndipo maneno ya wauzaji yanapozidi uzani. Utasikia mlonge una vitamini C mara 7 ya chungwa na kalsiamu mara 4 ya maziwa. Hesabu hiyo ni ya gramu kwa gramu, na vitamini C inayotajwa ni ya majani mabichi. Yakikaushwa, sehemu kubwa yake hupotea. Isitoshe hakuna anayekunywa gramu 100 za majani kwenye chai.

Unga wa mlonge una protini ya gramu 25 hivi kwa kila gramu 100. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 2 hadi 2.5, kwa hiyo kinakupa protini isiyofika gramu 1. Yai moja lina gramu 6. Ukiloweka majani kisha ukayachuja, hata hiyo kidogo inabaki kwenye chujio. Karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, haiyeyuki kwenye maji kabisa, inahitaji mafuta.

Kwa hiyo mlonge uutumie hivi. Ukitaka kinywaji: chemsha maji, yaache dakika 5 yapungue moto, tia nusu kijiko cha chai cha unga kwenye kikombe, koroga, kamulia limau, kunywa pamoja na mashapo. Anza na nusu kijiko kwa wiki ya kwanza kwa sababu ukianza na vijiko viwili tumbo linaweza kuharisha. Ukitaka lishe hasa: tia kijiko 1 cha chakula kilichojaa kwenye bakuli la uji baada ya kuuepua, au uchanganye na mchicha uliokaangwa kwa mafuta kidogo au kuungwa kwa nazi. Kijiko hicho cha gramu 10 hivi kinaleta protini gramu 2.5 na kalsiamu inayoweza kufika miligramu 200. Hapo mlonge unastahili sifa yake, lakini ni kama mboga.

Unga mzuri ni wa kijani kilichokolea. Ukiwa wa manjano au kahawia, majani yalianikwa juani au yamekaa sana. Mizizi na magome ya mlonge usitengenezee chai, na mjamzito asiviguse. Mwenye kisukari anayetumia dawa apime sukari yake mara kwa mara anapoanza mlonge, unaweza kuishusha.

Chai na damu

Watu wengi wameshasikia kwamba chai ya rangi ikinywewa na chakula huzuia madini ya chuma. Wachache wanajua kwamba mitishamba nayo imo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kwenye British Journal of Nutrition ulipima jambo hilo: chai nyeusi ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94, mnanaa wa pipamenti asilimia 84, na kamomili asilimia 47. Hiyo ni chuma ya kwenye vyakula vya mimea, kama maharage, mchicha na dona, ambayo ndiyo tegemeo la familia nyingi.

Hivyo acha saa 1 hadi 2 kati ya mlo na kikombe. Kwa mjamzito, binti anayepata hedhi nzito, mtoto na yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu, hili ni la kufuata bila kulegeza. Vidonge vya kuongeza damu mezea maji, si chai, hata ikiwa ya mnanaa. Na kama unataka kinywaji mezani, kamulia limau au chungwa kwenye maji: vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Sukari

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, sawa na vijiko 6 vya chai. Asali imo kwenye hesabu hiyo. Ukiweka vijiko 3 kwa kikombe na ukanywa vikombe 3, umemaliza gramu 36 kabla ya kugusa andazi.

Juisi ya rosela ya sherehe hutengenezwa kwa gramu 200 za sukari kwa lita 2 za maji, wengine hupita hapo. Glasi moja ya mililita 250 inabeba gramu 25. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 na ushee. Tofauti ni ndogo mno kuiita juisi hiyo kinywaji cha afya.

Kupunguza kunawezekana bila kuteseka: toa nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi hauwahi kulalamika. Mdalasini na iliki huleta hisia ya utamu. Kwenye rosela, vipande vya nanasi lililoiva vilivyolowa pamoja nayo usiku husaidia kuliko kuongeza sukari asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa, na wa chini ya miezi 6 asipewe chai yoyote wala maji ya mitishamba. Ni maziwa ya mama tu.

Usinywe ikiwa inaunguza

Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzijoto 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya koo la chakula. Kwetu si habari ya mbali: ukanda wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Malawi, ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Chai ya mitishamba, ikitoka kwenye chupa ya chai, huwa juu ya kiwango hicho. Mimina, acha kikombe wazi, ngoja dakika kadhaa. Kama bado unalazimika kupuliza na kuvuta kwa mdomo wa pembeni, haijawa tayari.

Kwenye chupa ya chai, weka chai iliyokwisha kuchujwa. Majani yakibaki ndani yanaendelea kuiva mpaka chai inakuwa chungu. Iliyobaki isilale mezani; friji inaihifadhi siku 2, ikitoa povu au harufu ya uchachu isiyokuwepo, mwaga.

Mimea isiyofaa kuwa kinywaji cha kila siku

Mwarobaini hauna nafasi kwenye buli la nyumbani. Mafuta yake yameshadhuru watoto, na mjamzito hapaswi kuutumia. Shubiri husokota tumbo na kuharisha, na anayeharisha anapoteza maji na madini aliyotaka kuyaongeza.

Majani ya mstafeli yanauzwa sana kwa wagonjwa wa saratani. Mmea huo una anonasini, sumu ya mishipa ya fahamu, na katika kisiwa cha Guadeloupe watafiti waliuhusisha ulaji wa matunda na chai za jamii hiyo ya mimea na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Kunywa kila siku kwa miezi si jambo la kujaribu.

Chai ya Artemisia, ile pakanga inayonadiwa kwa malaria, haitibu kwa uhakika kwa sababu kiasi cha dawa kikombeni hakijulikani na hutofautiana kila mara. Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono. Ukiwa na homa nenda upime, na ukikutwa na malaria meza dozi ya mseto mpaka iishe. Chai ya tangawizi unaweza kuinywa pembeni kama maji.

Kwa bidhaa za pakiti, tafuta nembo ya TBS ukiwa Tanzania au KEBS ukiwa Kenya, na orodha ya vilivyomo. Pakiti isiyotaja vilivyomo na inayoahidi kutibu magonjwa kumi usiinunue. Nyingi za chai za kupunguza tumbo huwa na sena, jani la kuharisha. Uzito unaopungua ni maji na choo.

Kukausha na kuhifadhi

Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Osha, kung'uta, tandaza safu moja kwenye ungo au chandarua kivulini penye upepo. Jua moja kwa moja huunguza rangi ya kijani na kurusha mafuta ya harufu. Geuza mara mbili kwa siku. Mnanaa na mlonge huchukua siku 3 hadi 4 wakati wa kiangazi. Mchaichai uliokatwakatwa siku moja zaidi. Masika ukikausha Pwani yenye unyevu, majani yataota ukungu kabla hayajakauka. Afadhali utumie mabichi, au tanuri la joto la chini kabisa na mlango ukiwa wazi kidogo.

Pima kwa kukunja: jani kavu linavunjika kwa mlio, bua linakatika kavu. Likipinda bila kuvunjika, rudisha kwenye ungo. Weka kwenye chupa ya kioo au kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko, andika tarehe. Siku ya pili au ya tatu angalia ndani ya kioo: ukiona jasho, yatoe yote uyaanike tena siku hiyohiyo. Majani mazima hukaa na nguvu kama mwaka mmoja, unga miezi 6 hivi, kwa hiyo saga kidogokidogo unapohitaji.